Mama ananiuliza majina haya nayalima shamba gani

Shikamoo Mjomba,

Niite mpwa wako tu, inatosha. Nina miaka 28 na kibanda cha steshenari hapa Mwanga, Kigoma mjini. Natoa kopi, naprinti, napiga picha za pasipoti, na msimu wa maombi ya mkopo ukifika nawajazia wanafunzi fomu za HESLB mpaka usiku. Riziki ipo, ila ni ile inayoingia kwa mlango huu na kutokea kwa ule.

Mwaka jana mwezi wa kumi niliona video YouTube ikieleza kuwa kampuni moja ya Marekani iliuza jina Voice.com kwa dola milioni 30, mwaka 2019. Jina tu, Mjomba! Si kiwanja, si gari. Usiku ule usingizi haukuja. Asubuhi nikasajili domeni yangu ya kwanza (jina la tovuti kama hilo), kesho yake mbili, na kuanzia hapo nikawa kama mtu aliyeshinda kamari mara moja. Leo ninazo 23: za .com ni 15 na za .co.tz ni 8.

Zipo za kwetu: mawese, migebuka, dagaa, vitenge, safari za Gombe, chumvi ya Uvinza, nyumba za kupanga. Zipo nne zenye "ai" au "crypto" ndani yake, kwa sababu video ilisema ndiyo maneno ya sasa. Mbili zina jina la kampuni kubwa ya simu likiunganishwa na neno mikopo. Moja ni jina la hoteli ya hapa hapa mjini. Niliona mwenyewe hajasajili, nikamuwahi. Nilipanga kumuuzia kwa milioni tano.

Hela sikuwa nayo. Laki nne nilikopa kwa shemeji, mume wa dada. Laki tatu nilichomoa kwenye mtaji wa mama. Mama anauza mawese, anakusanya madumu ya lita 20 vijijini na kuyapakia treni. Nilimwambia nanunua mashine ya kulaminisha. Mwezi uliopita akauliza mashine iko wapi, nikamwambia ukweli nusu, kwamba nimenunua majina ya mtandaoni nitakayoyauza. Akanitazama, akasema: "Majina hayo unayalima shamba gani, na nani anayala?" Sikuwa na jibu.

Mpaka leo sijauza hata moja. Nimetangaza kwenye magrupu ya WhatsApp. Mtu mmoja alisema atanipa elfu kumi, mwingine akauliza kama kina hati, alidhani ni kiwanja. Na kuanzia mwezi ujao zinaanza kuisha muda. Kuzilipia upya zote ni karibu laki nane, maana .com ni kama dola 15 kila moja na .co.tz ni 25,000.

Sasa wiki iliyopita Mungu amefungua mlango, au ndivyo ninavyodhani. Nimepata baruapepe kutoka kwa bwana anayesema yuko Uingereza, anatafuta kwa niaba ya mwekezaji. Anaitaka ile .com ya mawese kwa dola 8,500. Kwa hela yetu ni zaidi ya milioni 22! Ameniuliza mambo ya maana kabisa: nilisajili lini, ina tovuti au haina, nataka kulipwa kwa njia gani. Kimebaki kitu kimoja. Mwekezaji wake anataka cheti cha thamani kutoka kwa mthamini anayejitegemea, si zile hesabu za bure za mashine. Hakunilazimisha pa kwenda, ila alinitumia kiungo cha watu wanaojadili wathamini wazuri, na wengi wanaisifia huduma moja. Cheti ni dola 175, na amesema atanirudishia juu ya bei. Shemeji amekubali kuniongezea laki nne na nusu Ijumaa akipokea mshahara.

Mjomba, nilipe? Na huyu akishindikana, hizi nyingine naziuza wapi, na bei nitaijuaje? Nimechoka kubahatisha.

Mpwa wako,
Mwanga, Kigoma

(Majina yenyewe ya domeni aliyataja yote 23. Nimeyaondoa, kwa sababu jina likitajwa sokoni pamoja na shida za mwenye nalo, bei yake imekufa papo hapo.)

Marahaba, mpwa wangu.

Usilipe. Mpigie shemeji leo, usingoje Ijumaa, umwambie abaki na laki zake.

Huyo bwana wa Uingereza hanunui domeni, anauza vyeti. Ni utapeli wa siku nyingi na njia yake haibadiliki: ofa nono kwa jina ambalo hakuna aliyewahi kuliulizia, maswali mawili matatu ya kukufanya umwone ni mtu wa kazi, kisha karatasi ndogo ya kulipia. Hao wanaosifia mthamini kwenye kile kiungo ni yeye na wenzake, na huyo mthamini naye ni wao. Ukilipa, cheti kitakuja kweli, kizuri, chenye muhuri, na kitasema jina lako linafika hata dola 11,000. Baada ya hapo kimya. Au atarudi kusema mwekezaji anataka na cheti cha pili.

Wewe umekulia Kigoma. Umewahi kumwona mfanyabiashara anashuka Kibirizi kununua dagaa, halafu anamwambia mvuvi akalipie kwanza barua ya kuthibitisha kuwa dagaa wake wana thamani? Mnunuzi thamani anaijua mwenyewe, ndiyo maana katoa hela mfukoni.

Kama roho bado inasita, mjibu hivi, mistari mitatu tu: "Bei ni dola 3,000. Malipo yapitie Escrow.com, ada ni ya mnunuzi. Cheti sitoi." Escrow.com ni mtu wa kati anayeshika hela mpaka jina lihamishwe, nitaieleza chini. Nimekushusha chini ya nusu ya bei aliyoitaja yeye. Mnunuzi wa kweli ataidaka hiyo bei kabla hujabadili mawazo. Huyu atapotea, au atarudi na wimbo wa cheti.

Tuje kwenye ile video iliyokunyima usingizi. Ni kweli, Voice.com iliuzwa mwaka 2019 kwa dola milioni 30. Muuzaji alikuwa MicroStrategy na mnunuzi Block.one, kampuni iliyokuwa inaandaa mtandao wa kijamii ambao tayari ilikuwa imeuita Voice. Hapo ndipo penye siri yote. Neno moja fupi la Kiingereza, na mtu mwenye fedha nyingi ambaye bidhaa yake ina jina hilo hilo na si jingine. Ondoa huyo mtu, hizo milioni 30 zinayeyuka hata kama neno limebaki vilevile. Domeni haina bei ya sokoni kama mchele. Ina bei ya mtu mmoja anayeihitaji, na akiwa hayupo, bei yake ni ile elfu kumi uliyotajiwa kwenye grupu.

Na sasa hesabu ambayo video haikukufanyia. Watu wanaoishi kwa kazi hii, wenye majina mazuri ya Kiingereza, husema wenyewe kuwa kuuza jina moja au mawili katika kila 100 kwa mwaka ni mwendo wa kawaida. Wewe una 23. Ukienda kwa mwendo wao, utauza moja katika miaka mitatu hivi. Katika miaka hiyo mitatu utakuwa umelipia laki nane mara tatu, milioni mbili na laki nne. Yaani hilo moja likiuzwa kwa pungufu ya hapo, umepata hasara huku unashangilia. Dagaa wakikaa wanaoza, ukajua umepoteza. Domeni haiozi; inakula kodi ya mwaka kimyakimya, na ndiyo maana watu huchelewa kuona.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupunguza mzigo, kuuza kutafuata.

Zile mbili zenye jina la kampuni ya simu, ziache zife. Na usithubutu kuwaandikia wenyewe kuwaambia unawauzia. Tangu 1999 ICANN, chombo kinachosimamia majina haya duniani, ina utaratibu wa migogoro uitwao UDRP. Mwenye alama ya biashara akionyesha kuwa jina lako linafanana na alama yake, kwamba wewe huna haki nalo, na kwamba ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya, ananyang'anya bila kukulipa senti. Na katika mifano ya nia mbaya iliyoandikwa humo, wa kwanza ni huu: kusajili jina ili umuuzie mwenye alama kwa zaidi ya gharama ulizotumia. Barua yako ya kumtajia bei ndiyo itakuwa ushahidi wake. Kwa .tz nako kuna utaratibu wake wa migogoro, usidhani huko ndiko pa kujificha. Halafu neno mikopo pembeni ya jina la kampuni ya simu! Nchi hii imeliwa na matapeli wa mikopo ya simu. Anayeliona jina hilo atakuona wewe ni mmoja wao kabla hajauliza bei.

Hoteli je? Hiyo ni ya jirani yako. Mji ni mdogo, Mwanga na Ujiji hazijaachana. Ukienda na milioni tano, wiki hiyo hiyo Kigoma nzima itajua kijana wa steshenari amemteka mzee wa watu jina. Vaa shati safi, nenda, mwambie: "Mzee, niliona jina lako liko wazi mtandaoni nikalishika lisiende kwa mwingine. Nirudishie gharama zangu, ni lako." Akikulipa ulichotumia, hujavunja chochote. Kisha muulize nani anamshughulikia baruapepe za wageni wake. Hapo unaweza kupata kazi ya kukulipa kila mwezi kuliko milioni tano za ndotoni.

Zile nne za "ai" na "crypto" nimezisoma. Sina la kusema zaidi ya kuwa ziende. Na zile mbili zenye vistari katikati, na ile yenye "4u" mwishoni, nazo ziende.

Kilichobaki kipime kwa simu. Mpigie bodaboda yeyote, mtajie jina mara moja tu, kisha mwambie aliandike na akutumie. Akikosea, jina lina kasoro, hata kama wewe unalipenda. Hapa Kiswahili chetu kina neema ambayo Kiingereza hakina: tunaandika tunavyotamka. Mawese ni mawese, hakuna njia ya pili ya kuyaandika. Kasoro yetu watu wa huku ni moja, na mimi ni mmojawapo: r na l hutuponyoka. Jina lenye r mbili linaweza kukuchezea. Lile lako la safari za ziwani, kwa mfano, mimi mwenyewe nililiandika vibaya mara ya kwanza.

Ukimaliza kupepeta nadhani utabaki na sita au saba. Kwa maoni yangu: .com ya mawese, .com ya Gombe, ya vitenge, ya dagaa, na kwa .co.tz ile ya nyumba za kupanga, ya mafundi na ya chumvi. Saba hizo kuzilipia upya ni pungufu ya laki mbili na nusu. Tena usikurupuke siku ya kwanza .com ikiisha muda. Wasajili wengi, yaani kampuni zinazokuandikishia majina, hukupa siku kadhaa za kulipia kwa bei ya kawaida, kisha huja mwezi mmoja wa kuikomboa kwa faini kubwa, kisha siku tano, ndipo inaachiwa kwa yeyote. Nakwambia ili usije ukakopa usiku wa manane kwa kiwewe. Sijakwambia ili uchelewe.

Bei sasa, maana najua ndiyo uliyoisubiri.

Zile hesabu za bure za mashine, kama ya GoDaddy, msajili mkubwa wa majina, zitazame lakini usizioe. Zinakadiria kutokana na mauzo yaliyopita, na mauzo hayo kwa sehemu kubwa ni ya maneno ya Kiingereza. Mashine haijui mawese ni nini. Kilicho bora ni kuingia NameBio, ambako yamewekwa mauzo ya kweli yaliyokwisha kufanyika, jina, bei na tarehe. Tafuta maneno ya chakula, ya safari, ya nchi. Ukikaa humo jioni mbili tatu utaacha kutaja milioni 22 kwa urahisi.

Halafu jiulize swali la mama yako. Nani anayala? Chukua karatasi, na kwa kila jina andika wanunuzi kumi wa kweli, wenye biashara inayoonekana, wenye simu inayoita. Ukishindwa kufika watano, jina hilo halina soko, ni pambo. La Gombe utawajaza upesi: wapo wanaopeleka watalii kwa boti kutoka Kibirizi, wapo wa Arusha wanaouza safari za Gombe na Mahale kwa wageni wasiojua Kigoma iko upande gani. Wateja wao wanatoka nje, wanatafuta kwa Kiingereza, mgeni mmoja analeta dola mamia. Kwa hao, jina zuri la .com si anasa. Hilo ningelitangaza kwa dola 1,500, na moyoni nijue 700 naitoa.

La mawese lina hadithi nyingine. Tangu 2018 serikali ilipoanza kuisukuma upya michikichi ya Kigoma, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kuzalisha mbegu bora za mchikichi ziitwazo tenera, neno mawese limetoka kwenye dumu la mama yako na kuingia kwenye mipango ya watu wenye mitaji. Huyo mnunuzi anaweza kuja. Hajaja bado. Kwa hiyo hilo liweke dola 2,000 na ulisahau, lakini usiache kulilipia.

Za .co.tz ni soko jingine kabisa. Mnunuzi wake yuko hapa nchini, na mshindani wako si muuzaji mwenzako, ni ile 25,000. Mwenye nyumba za kupanga akiona bei yako haimfai, ataongeza neno moja mbele ya jina na kusajili lake kabla chai haijapoa. Kwa hiyo jina tupu usitegemee zaidi ya laki moja, laki moja na nusu. Lakini hapo ndipo wewe una faida kuliko yule kijana wa kwenye video, maana wewe una kibanda, una kompyuta, na watu wanakufahamu. Muuzie jina likiwa na ukurasa mmoja wenye picha na namba ya simu, na baruapepe zenye jina la biashara yake, zikiwa zinafanya kazi siku unapomkabidhi. Mwambie laki tatu na nusu, na kila mwaka elfu themanini ya kulipia na kutunza. Fundi wa Gungu hanunui domeni. Ananunua kupigiwa simu. Na bei mtajie kwa shilingi. Tangu 2025 kanuni zinakataza kutaja bei za ndani ya nchi kwa dola.

Niliwahi kuwa na domeni tisa mimi. Nane zilikufa. Moja niliiuza kwa laki tatu na nusu kwa mwenye duka la magodoro Tabora, ambaye alikuwa ameshaandikisha anwani ile kubwa ubavuni mwa lori lake kabla ya kuuliza kama iko wazi. Nilipomtajia bei alikaa kimya, nikasikia anamuuliza mtu pembeni kupaka rangi upya ni shilingi ngapi. Kumbe rangi ilikuwa laki tano. Sikuwa na akili yoyote ya biashara siku ile, mpwa wangu, nilikuwa na bahati ya lori. Lakini nilijifunza kitu: bei ya juu kabisa ni ile inayokaribia gharama ya mnunuzi kukukwepa.

Pa kuuzia. Hizo .com zako ziweke Afternic, iliyo chini ya GoDaddy, na Sedo ya Wajerumani. Kuweka ni bure. Uzuri wao ni kwamba mtu akitafuta jina hilo kwa msajili wake kokote duniani, mara nyingi ataliona linauzwa na bei yako pembeni, hahitaji kukujua. Wakiuza wanakata kamisheni, jihesabie asilimia 15 hadi 25 kulingana na masharti utakayochagua. Weka bei kamili, usiweke "toa ofa". Mtu anayeanza biashara saa tano usiku ana kadi mkononi, ukimwambia toa ofa analala, na kesho amepata jina jingine. Bei iwe ile ile kote. Ukiweka 1,500 huku na 900 kule, watakuona. Elekeza pia domeni yenyewe kwenye ukurasa wa kusema inauzwa, ili anayeiandika moja kwa moja asikute pakavu. Na kabla ya yote, hakikisha wanaweza kukulipa kwenye akaunti ya benki yako hapa. Mwombe ofisa wa benki namba ya SWIFT, ile inayoitambulisha benki kwa hela za kutoka nje, na jina la akaunti linavyosomeka hasa, maana herufi moja ikipishana hela hurudi zilikotoka.

Magrupu ya WhatsApp achana nayo. Humo wamejaa wauzaji wenzako.

Za .co.tz usingoje soko, nenda nazo. Watu watano kwa wiki, ana kwa ana au kwa simu, si ujumbe wa kutuma kwa mkupuo. Onyesha ukurasa kwenye simu yako, taja bei, nyamaza. Akisema ni ghali, usishushe hapo hapo. Muulize alikuwa anafikiria ngapi. Na asiye na hela yote mpe kwa awamu tatu, ila domeni ibaki kwenye akaunti yako mpaka ya mwisho iingie. Mama yako hakabidhi dumu kwa ahadi, na wewe usikabidhi.

Katika kukabidhi ndipo wengi huibiwa. Ile namba ya siri ya kuhamishia domeni ni kama hati ya kiwanja, ukiitoa, umetoa. Meseji ya muamala aliyokuonyesha kwenye simu yake si hela. Hela ni salio lako ukiliangalia mwenyewe. Kwa mtu wa mbali tumia Escrow.com: mnunuzi anaweka fedha kwao, wao wanakuambia zimefika, unahamisha jina, mnunuzi anathibitisha, wanakuachia fedha zako. Anwani yao iandike kwa mkono wako, usibonyeze kiungo alichokutumia mtu, kwa kuwa wapo wanaotengeneza tovuti bandia ya kufanana nayo. Kama mnunuzi ana akaunti kwa msajili mmoja na wako, mnaweza kuhamishiana jina humo humo ndani na mambo yakaisha siku hiyo hiyo. Akitaka kuihamishia kwa msajili mwingine, kumbuka .com iliyosajiliwa au kuhamishwa karibuni hufungwa kwa siku 60. Baruapepe unayofungulia akaunti yako ya msajili iwekee ulinzi wa hatua mbili leo hii. Wote waliokusoma kwenye magrupu wanajua una nini.

Mwisho ni hela za watu. Shemeji muandikie karatasi: laki nne, elfu hamsini kila mwezi, unaanza mwezi huu kutoka kwenye kopi na picha za pasipoti, si kutoka kwenye mauzo ya majina. Laki tatu za mama ndizo za kwanza kabla ya domeni yoyote kulipiwa, isipokuwa ile ya mawese na ile ya Gombe. Na mama mwambie ukweli nusu uliobaki, ile habari ya mashine ya kulaminisha, kabla shemeji hajamwambia. Akikuuliza tena unayalima wapi, mpe ile karatasi ya wanunuzi kumi aisome. Yeye anawajua wanunuzi wa mawese kuliko wewe na mimi, na sitashangaa akikufutia wanne na kukuongezea watatu.

Ukishamjibu yule wa Uingereza, niandikie alisemaje.

Mjomba